Kitanda kilikuwa tayari: kisa cha watoto watatu wa Arusha waliobaki kwa mama yao

Kitanda kilipatikana kabla kikao hakijaanza. Mjumbe mmoja alikuwa ameshampigia simu msimamizi wa makao ya watoto nje kidogo ya mji, na jibu lilikuja haraka: wale wawili wadogo wapokelewe leo hii, gari litafika saa kumi jioni. Wakati huo sisi wajumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa tulikuwa bado tunapanga viti vya plastiki. Mama yao alikuwa nje kwenye benchi, mtoto mwenye bandeji mguuni amelala mapajani.

Nilinyoosha mkono kuunga mkono waende makao. Nalisema mapema, maana anayesimulia kisa cha namna hii huwa anajiweka upande ulioshinda.

Kisa chenyewe nimekiunganisha kutoka mashauri zaidi ya moja niliyoyaona nikiwa mwalimu na mjumbe wa kamati hapa Arusha. Umri, kiasi cha fedha na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha, na majina sitaji.

Uji wa asubuhi

Mama ana watoto watatu: msichana wa miaka 11 aliye darasa la tano, mvulana wa miaka 7 wa darasa la kwanza, na mdogo wa miaka 2. Wanaishi chumba kimoja cha kupanga upande wa kusini wa mji. Baba alikwenda Mirerani kutafuta tanzanite, na kama wanaapolo wengi, wale wachimbaji wadogo, akawa anarudi akipata na kunyamaza akikosa.

Mama huamka saa tisa usiku. Saa kumi anataka awe soko la Kilombero, mafuso yanaposhusha mboga na ndizi, maana anayefika saa kumi na mbili anakuta bei ya mtu wa pili. Kisha anazunguka na beseni mpaka jioni. Watoto wanabaki mikononi mwa msichana: kuwaamsha, kupika uji, kumvalisha wa darasa la kwanza, kumpeleka mdogo kwa jirani kama jirani yupo, ndipo akimbilie shule. Nilikuwa namwona anasinzia kipindi cha pili. Nilimwandikia mzazi barua mbili kuhusu usingizi huo, wala sikujiuliza unatoka wapi.

Asubuhi moja ya masika aliingiza jiko la mkaa ndani kukwepa mvua. Mdogo akaligusa, sufuria ikapinduka, uji ukamwagikia mguu. Msichana akafanya alichowahi kuona watu wazima wakifanya: akampaka dawa ya meno. Jirani alisikia kilio, akaita bodaboda mpaka zahanati. Nesi aliosha ile dawa ya meno kwa maji safi kwa muda mrefu (maji ndiyo yanayotakiwa tangu dakika ya kwanza, si dawa ya meno wala yai), kisha akamuuliza dada mtu, "Mama yuko wapi?"

"Sokoni."

"Tangu lini mnabaki wenyewe?"

"Toka baba aende."

Nesi alimpigia afisa ustawi wa jamii, na hakukosea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Jirani naye, mama wa zaidi ya miaka sitini ambaye watoto wa pale wote wanamwita bibi, alikuwa anajua kwa miezi mingi. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, aliiona imebandikwa ukutani shuleni. Nilipomuuliza mbona hakupiga, alinijibu, "Mwalimu, ningepiga wangekuja kuwachukua. Nilitaka wasaidiwe."

Neno "kutelekezwa"

Kwenye karatasi iliyotufikia kulikuwa na neno moja: kutelekezwa. Mtoto aliyetelekezwa hana mtu, na asiye na mtu hutafutiwa pa kulala. Kwa hiyo tulipoketi, mjadala ulikuwa ni makao yapi na lini. Hakuna aliyeuliza kama neno lile ni la kweli, wakati mama mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni petu, amekosa siku ya biashara, ananyonyesha.

Afisa ustawi wa jamii alichelewa. Anahudumia zaidi ya kata moja na hana usafiri, alikuwa amepanda vifodi viwili. Alitusikiliza, akauliza: kuna anayejua kama mama anawapiga? Analewa? Wanalala njaa? Hakuna aliyejua. Akauliza tena, "Ni nani hapa amewahi kuingia ndani ya hicho chumba?" Kimya.

Ndipo akatukumbusha kifungu cha 7 cha sheria ile ile tuliyoibandika ukutani: mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, na wa kuamua kwamba kubaki nao kutamletea madhara makubwa ni mahakama. Kamati ya mtaa si mahakama, na gari la makao si amri. Kukiwa na hatari ya papo hapo zipo hatua za dharura kupitia ustawi na dawati la jinsia na watoto la polisi, lakini nazo zinataka mtu aliyekwenda kuona kwa macho. Tukaahirisha, tukaenda nyumbani kwa mama mchana ule ule. Gari lilifika saa kumi kama lilivyoahidiwa, likaondoka tupu. Dereva hakufurahi.

Hapa niseme kitu kuhusu makao, kwa sababu Arusha yetu ina jambo lake. Mji unaishi na watalii, na mgeni akishaona mlima na wanyama hutaka pia kumsaidia mtoto. Jengo lenye vitanda na bustani linamwonyesha msaada wake umekwenda wapi. Kodi ya chumba cha mama muuza ndizi haina cha kupigia picha. Yapo makao yaliyookoa watoto wasio na mtu kabisa, sitayasema vibaya. Shida ni kwamba kitanda kitupu kina mtu anayekisemea kwenye simu, na familia haina. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa mwaka huo huo wa 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Siku ile tulikuwa tunakaribia kufanya hivyo, na tungesema tumeokoa.

Kikaratasi chini ya godoro

Chumba kilikuwa safi. Sare zimekunjwa chini ya godoro ili zijipige pasi zenyewe, madaftari yamefungwa kwenye mfuko wa rambo yasilowe. Mama anayetelekeza watoto haweki madaftari hivyo. Afisa alipouliza kuhusu fedha, mama alitoa kikaratasi chenye tarehe na saini. Kumbe saa tisa usiku ilikuwa na sababu nyingine zaidi ya soko.

Mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 40,000 kwa mwezi, jumla 240,000. Mama akakopa 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu: marejesho 14,000 kila siku kwa siku 30, yaani 420,000, na faini kila anapokosa siku. Alikuwa amelipa mara 14. Kabla ya mkopo alikuwa anatoka saa kumi na mbili unusu, watoto wakiwa wameshakunywa chai. Baada ya mkopo, faida ya mtu wa saa kumi na mbili haikutosha marejesho, akarudisha saa nyuma mpaka ikafika tisa.

Hiki ndicho ninachokiona kama kiini cha kisa. Hatari ya jiko ilitengenezwa na marejesho. Tungewapeleka watoto makao, deni lingebaki pale pale, mama angeendelea kuamka saa tisa, na baada ya mwaka mtu angeandika kwenye faili kwamba hali ya nyumbani haijabadilika, watoto waendelee kubaki makao.

Afisa alimwomba mwenzake wa maendeleo ya jamii pamoja na mtendaji wamwite mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Aliombwa leseni, akawa hana, na sauti ikashuka. Zilikuwa zimebaki 224,000, wakakubaliana 5,000 kwa siku bila faini. Ndani ya mwezi mmoja na nusu lilikwisha. Sina amani sana na njia ile. Tulitumia kosa lake kumpunguzia mama mmoja mzigo, na mtu yule yule alikuwa na akina mama wengine mtaa huo huo, wenye vikaratasi vyao chini ya magodoro.

Msichana wa Kondoa

Deni liliposogea, mama aliweza kutoka saa kumi na moja na nusu. Bado mtu alihitajika kuanzia hapo mpaka shule, na mchana kwa ajili ya mdogo. Tukapata wazo lililomfurahisha kila mtu: mama ana binti wa dada yake huko Kondoa, miaka 14, amemaliza la saba, yupo yupo tu. Aletwe asaidie kulea. Mjumbe mmoja alishaanza kutafuta nauli.

Afisa akauliza binti yule atasoma wapi. Nani atamlinda yeye? "Huyo naye ni mtoto," alisema, "na ana halmashauri yake huko aliko." Kifungu cha 94 kinaipa kila mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto ndani ya eneo lake. Sisi tulikuwa tunataka kulitatua la kwetu kwa kulihamishia Kondoa. Nimeona mashauri kadhaa yakifungwa kwa njia hiyo, na kwenye karatasi yanapendeza: "familia imepata msaidizi." Msaidizi mwenyewe ana miaka 13 au 14, na siku likija faili lake, jina la mtaa wetu ndilo litakuwa juu.

Tukarudi kwa bibi jirani. Alikubali kuwapokea alfajiri mpaka saa moja, akakataa kulipwa fedha ila akasema mkaa na sukari havimchukizi. Kwa mchana kulikuwa na kituo cha kulelea watoto karibu na kanisa, 20,000 kwa mwezi. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyopangwa kwa 2021/22 hadi 2025/26, inahimiza vituo vya aina hii karibu na makazi ya watu. Pale kwetu kipo kimoja na kina foleni.

Halmashauri ilitoa nini basi? Fedha taslimu, karibu hakuna. Fungu la ustawi lilikuwa limeisha mapema. Ilichotoa ni barua, na sidharau barua. Moja ilikwenda zahanati, ili matibabu ya bure kwa mtoto wa chini ya miaka mitano yawe ya bure kweli na mama asitumwe tena duka la dawa kununua bandeji. Nyingine ilikuja shuleni kwetu kuhusu mchango wa chakula cha mchana. Ada haipo, lakini mchango wa chakula upo, na asiyechanga hukaa pembeni wenzake wakila. Watoto waliingizwa kwenye rejista ya walio katika mazingira hatarishi zaidi, ambayo sheria inaitaka halmashauri iitunze. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, haikuwezekana, kwa sababu kaya huibuliwa kwa awamu na awamu ilikuwa imepita. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 kati yake ni ya wanawake, haina riba, ila inataka kikundi chenye katiba, usajili na akaunti. Mama alijiunga na wenzake wanne. Ninapoandika, namba ya usajili wameipata, fedha hawajaziona. Miezi sita ya kituo ililipwa na jumuiya ndogondogo na mwenye duka mmoja Mwislamu ambaye hakutaka jina lake litajwe kwenye kikao.

Zaidi ya barua ilitoa siku za afisa. Alifanya Ijumaa kuwa siku ya kupita pale, na mama aliijua.

Mlango

Wiki ya tatu afisa aliketi na msichana peke yake, kwenye kibaraza cha darasa langu. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumemhoji nesi, jirani, mama, mwenye nyumba na mkopeshaji. Yeye aliyekuwa analea, hatukumuuliza.

Alisema mguu wa mdogo ni kosa lake. Hilo tulilitegemea, tukajilaumu kuchelewa kumwambia si kweli. Kisha akasema jingine. Jiko halikuwa linamtisha. Kilichomtisha ni mlango. Haukuwa na komeo kwa ndani, mama akishatoka saa tisa yeye aliegemeza ndoo ya maji, na grosari ya pombe ya pale kona ilikuwa inafunga muda huo huo. Watu walipita wakiimba. Mara mbili mtu alisukuma mlango, ndoo ikasogea, akasimama, akaondoka. Tangu hapo alikuwa halali mpaka kuche. Usingizi wa kipindi cha pili ulitoka huko.

Komeo na kazi ya fundi vilikuwa 6,000.

Nimelifikiria sana hili, maana linavuruga hesabu nzuri niliyokwisha kuifanya juu. Sisi tuliotaka makao hatukuwa wajinga kabisa: hatari ilikuwepo, tena kubwa kuliko ya uji. Na maswali ya afisa, ya kipigo na pombe na njaa, hayakuigusa, kwa sababu yote yalimtazama mama. Kubaki nyumbani kungeweza kumwangamiza mtoto yule usiku wowote kati ya siku ile na wiki ya tatu, huku sisi tukijipongeza kwa kutovunja familia. Fomu ya tathmini ina sehemu ya idadi ya vyumba na aina ya choo. Mlango unafungwaje na nani, haina. Siku hizi nikiingia nyumba ya mtu natazama komeo kwanza, na swali la kwanza namuuliza mtoto.

Mwezi wa nne

Baba aliitwa kwa simu, akaja Jumapili moja na 50,000 na mkate. Mahakama ya watoto inaweza kuamuru matunzo, na mama alielezwa hivyo. Akasema akimshitaki hata hiyo elfu hamsini hataiona. Shauri hilo limelala hapo, na sioni haki ya mtu mwingine kuliamsha kabla yake.

Mwezi wa nne wa shauri hili afisa alipangiwa zoezi lingine la halmashauri, ziara zikakatika kwa wiki tatu. Katika wiki hizo mama alikopa tena, 100,000 kwa mtu mwingine, viatu na michango vikiwa vimekutana na sikukuu. Bibi ndiye aliyeniambia kwamba mama ameanza kumgongea mlango saa kumi, akimwachia watoto. Nilikwenda Ijumaa ile badala ya afisa, bila fomu, nikiwa na chaki kwenye vidole. Mama hakukana. Wenzake wa kikundi wana mchezo wao wa kuchangiana fedha kila wiki, wakakubali apokee zamu ya mtu mwingine kwanza, deni likafa likiwa changa.

Niliwahi kukaa nikajumlisha gharama zote za kisa hiki. Kituo 120,000. Komeo 6,000. Nauli ya afisa kwenda na kurudi, 4,000 mara 12, ni 48,000, nyingi ikitoka mfukoni mwake. Jumla 174,000, chini ya ile kodi ya miezi sita iliyoanzisha yote. Ila hesabu hiyo haina mstari wa bibi, na mpango wote umemwegemea mtu wa miaka sitini na kitu anayelalamikia goti.

Mwezi uliopita bibi alisafiri kwenda Babati kumzika kaka yake, akakaa siku tisa. Siku zote tisa mama hakwenda soko la alfajiri. Alitoka saa mbili, watoto wakiwa shule na kituoni, akanunua kwa bei ya mtu wa pili, akapata kidogo. Hakuwa na marejesho ya mtu, kwa hiyo kidogo kile kilitosha. Ijumaa ya katikati niligonga jioni kabla hajarudi. Ndani pakawa kimya, halafu sauti ya msichana ikauliza ni nani. Nikajitaja. Akaniuliza jina la mwalimu mkuu, nikalisema, ndipo nikasikia komeo likivutwa.